Kabla na Baada ya Tetemeko Kubwa: Jinsi Wataalamu Wanavyofuatilia Mitetemo ya Ardhi

Tetemeko kubwa la ardhi ni nadra kuja peke yake. Huweza kutanguliwa na mitikisiko midogo kwa saa, siku au miezi, na karibu kila mara hufuatwa na mingine mingi inayoendelea kwa majuma, miezi na pengine miaka. Wataalamu huipa mitikisiko hiyo majina matatu: matetemeko ya awali, tetemeko kuu na matetemeko ya baadaye. Majina hayo yana kasoro moja ambayo mwananchi anapaswa kuielewa kabla ya kusoma taarifa yoyote kuhusu tetemeko, nayo ni kwamba hutolewa baada ya mambo kwisha. Siku ardhi inapotikisika, hakuna chombo kinachoweza kuonesha kwa yakini kama mtikisiko huo ndio tetemeko kuu lenyewe au ni mtangulizi wa jingine kubwa zaidi.

Makala haya yanaeleza jinsi mitetemo hiyo inavyopimwa na kuchambuliwa, na kwa nini uchambuzi huo unagusa moja kwa moja uamuzi wa familia kurudi au kutorudi kulala ndani ya nyumba iliyopata nyufa.

Saa 28 za Kumamoto

Mfano ulio wazi kuliko mingi ulitokea Aprili 2016 katika Mkoa wa Kumamoto, kusini magharibi mwa Japani. Tarehe 14 Aprili, saa 3:26 usiku, tetemeko lenye ukubwa wa 6.5 kwa kipimo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Japani lilitikisa mji wa Mashiki na maeneo ya jirani. Nyumba zilianguka, watu walipoteza maisha, na vikosi vya uokoaji vikaingia kazini. Kwa kila hali lilionekana kuwa ndilo tetemeko kuu. Mamlaka zilianza kutoa tahadhari kuhusu matetemeko ya baadaye, na kwa mazoea ya wakati ule neno hilo lilieleweka na wananchi kuwa ni mitikisiko iliyo midogo kuliko ule wa kwanza. Kulipokucha, baadhi ya watu walirudi majumbani kusafisha vifusi, na wengine wakalala humo usiku uliofuata.

Tarehe 16 Aprili, saa 7:25 usiku, ikiwa ni takribani saa 28 baadaye, lilikuja tetemeko lenye ukubwa wa 7.3. Kwa hesabu ya nishati, hilo lilikuwa kubwa takribani mara 16 kuliko la kwanza. Mashiki ilitikiswa tena kwa daraja la 7, ambalo ndilo la juu kabisa katika vipimo vya mtikisiko vya Japani, na ikawa mara ya kwanza kwa daraja hilo kurekodiwa mara mbili mahali pamoja ndani ya siku chache. Watu 50 walikufa moja kwa moja kutokana na matukio hayo, na walio wengi walikufa katika tetemeko la pili. Nyumba ambazo zilikuwa zimestahimili mtikisiko wa kwanza zikiwa zimelegea viungo ndizo zilizoporomoka.

Uchunguzi ulionesha kwamba tukio la kwanza lilitokea katika mpasuko wa miamba unaoitwa Hinagu, na la pili likaachia hasa mpasuko wa Futagawa unaoungana nao. Lile la tarehe 14 likabadilishiwa jina, kutoka tetemeko kuu na kuwa tetemeko la awali. Mwezi Agosti mwaka huohuo, kamati ya Serikali ya Japani inayosimamia utafiti wa matetemeko ilitoa mwongozo mpya: katika siku za mwanzo baada ya tetemeko kubwa, taarifa kwa umma ziache kutumia neno linalomaanisha matetemeko ya baadaye, na badala yake ziwaonye wananchi kwamba mtikisiko wa nguvu ileile unaweza kutokea. Nchi yenye mtandao wa vipimo ulio miongoni mwa mipana zaidi duniani ililazimika kubadilisha neno moja katika matangazo yake, kwa kuwa neno hilo liliwafanya watu waamini kuwa baya limekwisha kupita.

Kinachopimwa na namna kinavyopimwa

Chombo kikuu ni seismomita, mtambo unaorekodi mwendo wa ardhi hata ule ambao binadamu hauhisi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya miamba. Ya kwanza husukuma na kuvuta miamba, nayo husafiri kwa kasi zaidi. Ya pili huitikisa kwa upande, huja nyuma, na ndiyo kwa kawaida huleta madhara makubwa zaidi. Tofauti ya muda wa kufika kwa mawimbi hayo katika kituo kimoja huonesha umbali wa chanzo. Vituo vitatu au zaidi vikikubaliana, kitovu hujulikana.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara hata katika vyombo vya habari. Ukubwa wa tetemeko ni namba moja inayohusu nishati iliyotoka kwenye chanzo, na haibadiliki kwa aliye Bukoba au aliye Mwanza. Nguvu ya mtikisiko ni jinsi ardhi inavyotikisika mahali ulipo wewe, na hiyo hutegemea umbali, kina cha chanzo na aina ya udongo. Ukubwa ukiongezeka kwa namba moja kamili, nishati huongezeka takribani mara 32. Kwa hiyo tetemeko la ukubwa wa 6 hutoa nishati inayolingana na ya matetemeko 1,000 hivi ya ukubwa wa 4.

Hesabu hiyo inaondoa dhana iliyoenea sana, kwamba mitikisiko midogo mingi ni neema kwa sababu ardhi “inapunguza presha” kidogo kidogo. Kiasi kinachopunguzwa na mitikisiko midogo ni kidogo mno kuweza kuzuia tetemeko kubwa. Kinachopaswa kusomwa katika mitikisiko hiyo ni mpangilio wake: inatokea wapi, kwa kina gani, inasogea upande upi, na uwiano kati ya midogo na mikubwa ukoje.

Aidha, saa za mwanzo baada ya tetemeko kubwa ndizo ngumu zaidi kwa wapimaji. Mitikisiko hufuatana kwa kasi kiasi kwamba midogo humezwa na mawimbi ya mikubwa, na orodha ya kwanza hutoka ikiwa na mapengo. Ndiyo maana wataalamu huharakisha kupeleka vipimo vya muda karibu na kitovu, na ndiyo maana namba za awali hurekebishwa. Ukubwa uliotangazwa dakika kumi baada ya tukio kubadilika jioni si dalili ya uzembe. Ni matokeo ya vituo vingi zaidi kuingia katika hesabu.

Utaratibu wa matetemeko ya baadaye

Tarehe 28 Oktoba 1891 tetemeko kubwa lilipiga maeneo ya Mino na Owari, katikati ya Japani, na kuua watu zaidi ya 7,000. Mtaalamu Fusakichi Omori alihesabu mitikisiko iliyofuata siku hadi siku, na mwaka 1894 akachapisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa taaluma hii: idadi ya matetemeko ya baadaye hupungua kwa kuwiana na muda uliopita. Mwaka 1961 mwenzake wa kizazi kilichofuata, Tokuji Utsu, aliirekebisha kanuni hiyo ili ilingane na maeneo mbalimbali.

Kwa mfano rahisi, kama siku ya kwanza imekuwa na mitikisiko 100, siku ya pili hutarajiwa takribani 50, siku ya tatu 33, na siku ya kumi 10. Kushuka ni kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hulegea, na mkia wake ni mrefu sana. Tarehe 13 Februari 2021 tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilitikisa pwani ya Fukushima, na mamlaka ya Japani ikalitaja kuwa linahesabika miongoni mwa matetemeko ya baadaye ya lile la Machi 2011, karibu miaka kumi nyuma.

Jambo ambalo wananchi wengi hulikosea ni hili: kinachopungua kadiri siku zinavyopita ni idadi, si ukubwa wa tetemeko linaloweza kutokea. Uwiano wa kawaida ni kwamba kwa kila tetemeko moja la ukubwa wa 5 huwepo takribani 10 ya ukubwa wa 4 na 100 ya ukubwa wa 3, na uwiano huo haujui kalenda. Mtikisiko mkubwa wa baadaye unaweza kuja siku ya pili au siku ya arobaini. Siku ya arobaini uwezekano ni mdogo kwa sababu mitikisiko yote imekuwa michache. Kwa wastani, tetemeko kubwa kuliko yote yanayofuata huwa dogo kuliko tetemeko kuu kwa takribani namba 1.2, kanuni inayobeba jina la Mswidi Markus Båth. Huo ni wastani, na wastani una pande mbili. Tarehe 6 Februari 2023 kusini mwa Uturuki, tetemeko la ukubwa wa 7.8 la saa 10:17 alfajiri lilifuatwa saa tisa baadaye na jingine la ukubwa wa 7.5 katika mpasuko tofauti, wakati waokoaji wakiwa tayari ndani ya vifusi.

Ishara za kabla

Swali la kama tetemeko kubwa linaweza kutambuliwa kabla halijafika limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya karne moja. Mfano unaotajwa sana ni wa Haicheng, China. Mapema Februari 1975 mamia ya mitikisiko midogo ilirekodiwa eneo hilo, viongozi wakaamuru watu watoke majumbani, na tarehe 4 Februari jioni tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7 likapiga. Maisha mengi yaliokolewa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan katika nchi hiyohiyo uliangushwa usiku bila mitikisiko ya awali iliyoweza kutoa onyo, na idadi rasmi ya waliokufa ilizidi 240,000. Njia iliyofaa Haicheng haikuwa na cha kushika Tangshan.

Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lililopiga pwani ya Tohoku, Japani, tarehe 11 Machi 2011 lilitanguliwa siku mbili kabla na tetemeko la ukubwa wa 7.3 karibu na eneo lilelile. Wakati huo lilichukuliwa kuwa tukio linalojitegemea. Baadaye watafiti waliporudia rekodi na kutafuta mitikisiko midogo iliyokuwa imefichika, waligundua kwamba shughuli ile ilikuwa ikisogea polepole kuelekea mahali ambapo tetemeko kuu lilianzia, ishara kwamba sehemu ya mpasuko ilikuwa ikiteleza taratibu bila kishindo. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2012, wakati zaidi ya watu 18,000 walikuwa wamekwisha kufa au kutoweka, wengi wao kwa tsunami.

Ugumu uko hapa. Mitikisiko inayofanana na ile ya Haicheng au ya Tohoku hutokea mara nyingi duniani bila kufuatwa na chochote. Katika Jimbo la California, Marekani, ambako rekodi ni ndefu, takribani tetemeko 1 kati ya 20 hufuatwa na kubwa zaidi ndani ya juma moja. Serikali ikihamisha watu kila mara, itakuwa imewahamisha bure mara 19 katika kila 20. Ikinyamaza, mara ile moja itakuwa imewaacha ndani ya nyumba.

Uamuzi huo una uzito wa kisheria pia. Mji wa L'Aquila, Italia, ulipitia miezi ya mitikisiko midogo kabla ya tetemeko la ukubwa wa 6.3 lililoua watu 309 tarehe 6 Aprili 2009. Juma moja kabla, wataalamu walikuwa wamekutana mjini humo, na ofisa mmoja wa serikali akauambia umma kupitia televisheni kuwa hali ni ya kutia moyo kwa sababu nishati inaachiliwa. Mwaka 2012 wanasayansi sita na ofisa huyo walihukumiwa kifungo cha miaka sita. Mahakama ya rufaa iliwaachia huru wanasayansi hao Novemba 2014, na ofisa akapunguziwa adhabu hadi miaka miwili. Nje ya Italia kesi hiyo ilielezwa mara nyingi kana kwamba wanasayansi walishtakiwa kwa kushindwa kutabiri. Kwa usahihi zaidi, shauri lilihusu maneno ya kuwatuliza watu ambayo sayansi haikuyaunga mkono.

Utafiti unaendelea. Mwaka 2019 Laura Gulia na Stefan Wiemer walipendekeza kutazama uwiano wa mitikisiko midogo kwa mikubwa mara baada ya tetemeko: midogo ikiongezeka kuliko kawaida, huenda kubwa limepita, ikipungua, huenda linakuja. Walijaribu njia hiyo kwa rekodi za Kumamoto na za Italia ya Kati za mwaka 2016, na ikatofautisha matukio hayo vizuri. Hata hivyo, njia hiyo inahitaji mtandao mzito wa vipimo, na kuitumia kwa tukio lililokwisha kupita ni kazi nyepesi kuliko kuitumia usiku wa tukio.

Katika ukanda wetu

Tanzania imo ndani ya mfumo wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako gamba la dunia linatanuka taratibu. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipatwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Matukio ya miaka ya karibuni yanaonesha kwamba mitetemo ya ukanda huu haifuati sura moja.

Julai 2007 mfululizo wa matetemeko ulitikisa eneo la Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, na kubwa lake, la ukubwa wa 5.9, lilihisiwa hadi Nairobi tarehe 17. Huko hapakuwa na tetemeko kuu lenye mkia wa kawaida. Chanzo kilikuwa magma iliyojipenyeza katika nyufa chini ya ardhi, na Septemba mwaka huo Mlima Oldoinyo Lengai uliokuwa jirani ulilipuka kwa nguvu.

Ng'ambo ya mpaka wa kusini, Wilaya ya Karonga nchini Malawi, mfululizo ulianza tarehe 6 Desemba 2009 kwa tetemeko la ukubwa wa 5.8. Siku mbili baadaye likaja la 5.9. Wakati wengi wangeliweza kudhani kuwa hali inatulia, usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba lilikuja kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 6.0. Aliyeishi Karonga majuma hayo mawili alipitia kwa kiwango kidogo kile ambacho watu wa Kumamoto wangekuja kukipitia baadaye.

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa takribani kilometa 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yaliharibika. Shule za Sekondari za Ihungo na Nyakato ni miongoni mwa taasisi zilizobomolewa vibaya. Lilihisiwa pia Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Madhara hayo yalitokana zaidi na namna ya ujenzi kuliko ukubwa wa tetemeko: kuta za matofali mabichi au ya kuchoma zisizofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege hazina uwezo wa kustahimili msukumo wa upande. Ukuta wa aina hiyo ukishapata ufa, mtikisiko mdogo kuliko wa kwanza unatosha kuuangusha, na ndiyo sababu kanuni ya Omori si jambo la wataalamu pekee kwa mkazi wa Bukoba au Missenyi.

Kusoma taarifa rasmi

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma, ndiyo yenye jukumu la kufuatilia matetemeko nchini na kutoa taarifa za kitaalamu. Taarifa ya aina hiyo hutaja ukubwa, kitovu, kina na muda. Haiwezi kutaja saa ambayo tetemeko lijalo litapiga, na ujumbe wowote unaosambazwa katika simu ukitaja saa na mji hautoki kwa mtaalamu, hata ukibeba nembo ya taasisi inayoheshimika. Hadi sasa hakuna njia iliyothibitishwa duniani ya kutabiri tetemeko kubwa kwa tarehe na mahali. Mifumo ya tahadhari kama ule wa Japani huanza kufanya kazi tetemeko likiwa tayari limeanza, ikitumia yale mawimbi ya kwanza yenye kasi kuwapa watu wa mbali sekunde chache za kujikinga.

Baada ya mtikisiko wenye nguvu, wananchi wanashauriwa kukaa nje ya jengo lenye nyufa, hasa zile za mshazari zinazopita kwenye pembe za madirisha na milango au zinazotenganisha ukuta na paa, hadi likaguliwe na mhandisi wa halmashauri. Kuingia kuchukua dawa au nyaraka nako ni hatari, kwa kuwa mitikisiko huwa mingi zaidi katika saa zilezile ambazo watu hukumbuka walichoacha ndani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kukaa nje nako kuna masharti yake. Kumamoto, baada ya kulala kwenye magari kwa siku nyingi wakihofia mitikisiko, baadhi ya watu waliganda damu miguuni na kufa, na vifo vilivyotokana na uchovu, maradhi na mazingira ya uhamisho hatimaye vilizidi vile vya kuangukiwa na majengo. Familia inayolazimika kukesha nje inahitaji maji ya kunywa, choo, nafasi ya kunyoosha miguu na kutembea, na dawa za wazee na wagonjwa wa kudumu, tangu usiku wa kwanza.